Kishikwambi au kifaa cha kusomea vitabu? Anza na mafaili yako

Mleta mada

Ndugu wasomaji,

Swali la kununua kishikwambi au kifaa maalumu cha kusomea vitabu vya kielektroniki huulizwa kila mara, na majibu mengi huishia kwenye kutajiana majina ya bidhaa na ukubwa wa hifadhi. Mimi nimetumia vyote viwili kwa miaka minane, na msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: anayetaka kununua atazame kwanza mafaili atakayoyasoma, kwa kuwa faili ndilo litakaloamua kama kifaa kitamfaa au kitalala kabatini.

Nilianza na kishikwambi, nikiamini kwamba kifaa kimoja kitanitosha kwa kila kitu. Katika miezi sita ya mwanzo nilifungua vitabu 11, nikamaliza viwili, na vyote viwili vilikuwa vifupi. Kioo hakikuwa na kosa, maana herufi zilisomeka vizuri na rangi zilipendeza. Tatizo lilikuwa majirani wa kitabu: barua pepe, ujumbe, video na habari, vyote vikikaa nyumba moja na kile ninachokisoma. Nikiwa katikati ya aya, arifa inashuka kutoka juu ya kioo, naigusa kwa nia ya kuisoma upesi, na baada ya dakika ishirini najikuta sikumbuki hata sentensi niliyoiachia njiani. Nilizima arifa zote, jambo ambalo lilisaidia kwa kiasi, lakini mkono uliokwisha kuzoea ulikuwa ukienda wenyewe kutafuta kitu kingine kila kitabu kilipofika mahali pagumu.

Ndipo nikatafuta kifaa chenye wino wa kielektroniki. Teknolojia hii ilitokana na utafiti wa Media Lab ya chuo cha MIT nchini Marekani, kampuni ya E Ink ikaanzishwa mwaka 1997, na mwaka 2004 Sony ikatoa nchini Japani kifaa kilichoitwa Librie, cha kwanza cha kusomea kuuzwa kikiwa na kioo cha aina hiyo. Kindle ya Amazon ilifuata Novemba 2007, ikiwa na kioo cha inchi 6, na kipimo hicho kikabaki kuwa cha kawaida kwa miaka mingi. Ndani ya kioo kuna vifuko vidogo sana, vyenye upana unaokaribia ule wa unywele, na kila kifuko kimejaa kimiminika angavu chenye chembe nyeupe na chembe nyeusi zilizobeba chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukipitishwa, chembe za rangi moja hupanda juu na za rangi nyingine huzama, kisha zikishafika mahali pake hukaa hapo bila kuhitaji umeme zaidi. Kwa hiyo betri hutumika hasa pale ukurasa unapogeuzwa na taa inapowashwa, na ndiyo maana chaji moja hunidumu wiki kadhaa wakati kishikwambi hakimalizi siku mbili.

Jambo hilo la chembe kubaki mahali pake nililielewa kwa macho siku niliyokivunja kifaa hicho cha wino. Nilikitia kwenye begi bila kava, kikabanwa kati ya kompyuta na kitabu kizito cha karatasi, nami nikaliegemea begi lile kwa safari nzima. Nilipokitoa, nje hakikuwa na ufa wala mkwaruzo. Nusu ya juu ya kioo ilikuwa imejaa mistari ya kijivu iliyosimama wima, na nusu ya chini ilikuwa bado inaonyesha mistari tisa ya ukurasa niliokuwa nikiusoma asubuhi, safi kabisa, kana kwamba inanisubiri niendelee. Nilibonyeza kitufe, nikakichaji usiku kucha, na kulipokucha mistari ile tisa ilikuwa palepale. Baadaye nilielewa kwamba chini ya uso wa plastiki, vioo vingi vya aina hii vina bamba jembamba la glasi, na hilo ndilo huvunjika kwa kukandamizwa hata kama nje hapana alama. Anayenunua kifaa hiki anunue na kava gumu siku hiyohiyo.

Kilichonitia hofu zaidi ni maelezo yangu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimepigia mistari na kuandika maoni kwenye vitabu nilivyoviingiza mwenyewe kwa waya, na sikuwa na nakala mahali pengine popote. Nilikiunganisha na kompyuta bila matumaini makubwa, na kompyuta ikakitambua kama diski ya kawaida, maana kilichokufa ni kioo tu. Nikafungua folda moja baada ya nyingine hadi nikakuta faili dogo la maandishi matupu, lenye kila sentensi niliyoipigia mstari pamoja na tarehe na saa. Basi kabla ya kukitupa kifaa kilichovunjika kioo, kiunganishe kwanza na kompyuta. Siku hizi nanakili faili hilo kila mwisho wa mwezi.

Sasa nije kwenye mafaili yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. EPUB, mfumo uliotangazwa rasmi mwaka 2007, ni maandishi yanayotiririka: ukikuza herufi, mistari inajipanga upya na kitabu kinapata kurasa nyingi zaidi. PDF, iliyoanzishwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, iliundwa kwa lengo lililo kinyume kabisa, yaani ukurasa uonekane vilevile kila mahali, kila neno likikaa pale lilipowekwa na mpangaji. Ukurasa ulioandaliwa kwa karatasi ya A4 ukibanwa kwenye kioo cha inchi 6, herufi zinakuwa ndogo kama sisimizi. Ukiukuza, unalazimika kuusukuma kushoto na kulia kwa kila mstari, na wino wa kielektroniki kwa jinsi unavyochelewa kujichora upya utakuchosha kabla hujamaliza ukurasa wa pili.

Kwa msomaji wa Kiswahili hali ni ngumu zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya maandishi yetu ninayoyapata mtandaoni ni PDF zilizotokana na kurasa kupigwa picha au kuskaniwa. Faili la namna hiyo halina herufi ndani yake, bali lina picha ya herufi, kwa hiyo huwezi kutafuta neno wala kubadilisha ukubwa wa maandishi. Njia ya kulitambua ni rahisi: gusa neno moja ujaribu kulichagua, na likikataa kuchaguliwa peke yake, hiyo ni picha. Hata programu ya Calibre, ambayo naitegemea kwa kubadilisha mafaili kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, haiwezi kufanya lolote la maana na faili hilo mpaka kwanza lipitishwe kwenye programu ya kutambua herufi, na baada ya hapo bado utakuta herufi "m" imesomwa kama "rn" mara nyingi kiasi cha kukera.

Kuna jambo lingine ambalo sijaona likizungumzwa, nalo ni kamusi. Kifaa changu kinajivunia kwamba ukigusa neno unapata maana yake papo hapo. Niliingiza kamusi ya Kiswahili kwa furaha kubwa, nikagusa neno "tulipomwelezea", na kifaa kikajibu kwamba hakuna neno kama hilo. Kilikuwa kimekwenda kulitafuta kwenye herufi "t", wakati kamusi inaliweka chini ya "eleza". Nikagusa "meno", hakikupata, kwa sababu kidahizo ni "jino". Vifaa hivi vilitengenezwa na watu ambao lugha zao hubadilisha zaidi mwisho wa neno, ilhali sisi tunajenga mbele, nyuma na katikati, kwa hiyo kamusi isiyoelewa viambishi inabaki pambo. Kwa sasa naandika mzizi mwenyewe kwenye sehemu ya kutafutia. Nasema hili kwa uchungu kidogo, maana kanuni za viambishi vyetu zina utaratibu mzuri sana, na mtu wa programu mwenye nia angeweza kuzifundisha mashine.

Vilevile, kifaa hakijui mahali pa kukata neno la Kiswahili linapofika mwisho wa mstari. Maneno yetu ni marefu, na ukiacha maandishi yasawazishwe pande zote mbili, unapata mapengo makubwa katikati ya mstari yanayokatisha mwendo wa jicho. Nenda kwenye mipangilio, chagua maandishi yaanzie kushoto na upande wa kulia uachwe huru. Mabadiliko hayo madogo yalinipa raha kuliko kioo kipya.

Nakaribisha uzoefu wenu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, ahsante kwa kueleza kwa kituo. Nakubaliana nawe kuhusu mafaili, na kwa hoja hiyohiyo yako mimi nimebaki na kishikwambi na sijutii. Kazi yangu ni ya utafiti, na karibu kila ninachosoma ni makala za kisayansi katika PDF, zenye safu mbili kwa ukurasa, majedwali na michoro ya rangi. Nilinunua kifaa cha wino wa kielektroniki kwa kufuata sifa nilizozisikia, nikakitumia wiki tatu, kisha nikampa mpwa wangu anayependa riwaya. Kwenye kishikwambi cha inchi 10 na zaidi ukurasa mzima unaonekana kwa ukubwa unaokaribia wa karatasi, na kwa kalamu naandika juu ya makala yenyewe, nazungushia namba inayonitia shaka na kuchora mshale hadi kwenye jedwali inapopingana na nyingine. Mshale huo ndio ufahamu wangu wa makala, na kifaa chenye kioo kidogo hakina pa kuuweka.

Hata hivyo nina angalizo moja kwa wenzangu wanaosomea mitihani. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 54 zilizofanywa kuanzia mwaka 2000 hadi 2017, zikiwa na washiriki zaidi ya 170,000, na ulionyesha kwamba waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi kidogo kuliko waliosoma kwenye vioo. Tofauti hiyo ilijitokeza kwa maandishi ya kutoa maarifa na pale msomaji alipobanwa na muda, lakini kwa hadithi haikuonekana. Nilipousoma nilijitambua, kwa kuwa kwenye kioo nasoma kwa kukimbia, macho yakiruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Kalamu ndiyo iliyonipunguzia mwendo. Kila makala muhimu naisoma mara mbili, mara ya pili nikilazimika kuandika kando ya kila sehemu sentensi moja kwa maneno yangu, na nikishindwa kuiandika najua kwamba sikuelewa.

Kuhusu betri, ninalo la kusimulia. Kishikwambi changu cha kwanza nilikiacha kwenye chaji mchana na usiku kwa zaidi ya mwaka, kikiwa kimesimamishwa mezani karibu na dirisha linalopigwa na jua. Siku moja niliona kioo kimeinuka upande mmoja na kuacha mwanya ambao ungeweza kupitisha kadi. Nilidhani ni gundi imeachia, nikajaribu kukibonyeza kirudi, na hilo lilikuwa kosa la hatari, maana ndani betri ya lithiamu ilikuwa imevimba, na betri iliyovimba ikitobolewa au kukandamizwa inaweza kushika moto. Ukiona dalili hiyo, zima kifaa, usikichaji tena wala usikibonyeze, ukipeleke kwa fundi anayejua kazi hiyo. Joto pamoja na kukaa kwenye asilimia 100 muda wote ndivyo huchosha betri za aina hii. Siku hizi nakichomoa kikifika asilimia 80, na vishikwambi vingi vipya vina mpangilio wa kukomea hapo vyenyewe.

Mchangiaji wa pili

Wakuu, nimejifunza mengi. Nina maswali mawili. La kwanza, mama yangu macho yamepungua nguvu na ameacha kusoma kabisa. Kati ya vifaa hivi kipi kitamfaa, na je, ni kweli kwamba kishikwambi huharibu usingizi? La pili, nikinunua kitabu cha kielektroniki, ni mali yangu kweli au nimekodi?

Mleta mada

Ndugu mchangiaji wa kwanza, hoja yako ya mshale nimeipokea kwa moyo wote. Nilipoandika kuhusu inchi 6 nilikuwa nafikiria riwaya na tawasifu, na kwa makala zenye majedwali sina cha kubishana nawe.

Ndugu wa maswali mawili, nianze na la pili. Kwa maduka makubwa mengi, unachonunua ni ruhusa ya kusoma, siyo kitabu kama kile unachoweza kumwachia mwanao. Mwezi Julai 2009, Amazon ilifuta kutoka kwenye Kindle za wateja nakala za vitabu viwili vya George Orwell, baada ya kugundulika kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa, na Jeff Bezos mwenyewe, mwanzilishi wa Amazon, aliomba radhi hadharani. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka, ingawa wateja nao walirudishiwa fedha. Fedha kurudi si sawa na kitabu kurudi, hasa ukiwa umeandika maelezo ndani yake. Kwa hiyo, pale mwandishi au mchapishaji anapouza faili lisilo na kufuli ya kidijitali, yaani kinga inayozuia kulinakili, mimi hununua hapo, nikahifadhi nakala kwenye kompyuta na kwenye diski ya pembeni. Kwa vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha kuna Project Gutenberg, mradi ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, wenye vitabu zaidi ya 70,000 vinavyopakuliwa bure bila kufuli, ingawa vya Kiswahili nilivyovipata humo ni vichache mno.

Kuhusu usingizi, upo utafiti uliofanywa Boston na kuchapishwa mwishoni mwa mwaka 2014. Washiriki 12 walisoma jioni tano mfululizo kwenye kishikwambi chenye mwanga na jioni tano nyingine kwenye kitabu cha karatasi, wakiwa katika chumba chenye mwanga hafifu. Walipotumia kishikwambi, melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, ilipungua, walichelewa zaidi kupata usingizi na waliamka wakiwa wazito. Watu 12 ni wachache, na saa nne za kusoma kila jioni ni nyingi kuliko ninazoweza kuzipata, kwa hiyo sisemi kwamba kila mtu atapatwa na hayo. Kwa upande wangu, usiku situmii kishikwambi. Vifaa vingi vya wino wa kielektroniki vilivyotoka tangu Kindle Paperwhite ya mwaka 2012 vina taa zilizopangwa pembeni, na mwanga wake hushuka juu ya ukurasa badala ya kumulika kutoka nyuma kuelekea machoni. Nikiupunguza karibu na mwisho, unanitosha chumba kikiwa giza.

Kuhusu mama, nitakueleza yaliyompata baba yangu. Alikuwa msomaji mkubwa, kisha macho yakamfanya asitishe, akaanza kusema kwamba vitabu vya siku hizi vinachapwa kwa herufi ndogo. Nilimpa kwanza kishikwambi changu, nikidhani ukubwa wa kioo ndio dawa. Alikishika kwa mikono miwili, akasoma robo saa, kisha akakilaza kifuani na kusema kinamchosha viganja. Sikuwa nimefikiria uzito hata kidogo. iPad ya kwanza ya mwaka 2010 ilikuwa na gramu 680, na Paperwhite niliyoitaja ilikuwa na gramu 213, na kwa mkono wa mtu mzima aliyelala chali tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama sura itamalizika.

Nikamwekea kifaa kidogo cha wino wa kielektroniki, herufi zikiwa nene na kubwa kiasi kwamba ukurasa mmoja ulibeba maneno yasiyofika arobaini. Nilihofia kwamba kugeuza kurasa kila mara kutamuudhi. Nilikaa pembeni nikimtazama kidole gumba chake: kinagusa ukingo wa kulia, kioo kinawaka weusi kufumba na kufumbua, maneno mapya yanatokea, naye hata hatikisi kichwa. Nilichagua chenye vitufe vya kugeuzia ukurasa, lakini yeye alipendelea kugusa, hivyo mjaribishe mama kabla ya kuamua. Nilizima intaneti, nikaacha vitabu vitano tu kwenye orodha, maana orodha ndefu ilimfanya asichague chochote.

Kama macho ya mama hayajapimwa karibuni, apimwe kwanza, kwa kuwa herufi kubwa zinaweza kuficha ugonjwa wa macho unaotibika. Baba alikutwa na mtoto wa jicho, na baada ya upasuaji tulipunguza ukubwa wa herufi kwa hatua mbili. Ameshamaliza vitabu saba. Kitu pekee alichoniomba nibadilishe ni saa iliyokuwa juu ya ukurasa. Alisema hataki kujua amekaa na kitabu kwa muda gani, nami nikaiondoa.